Iliyobaki, Nenda Elfu Mbili

Nimestaafu kwa hiari, miaka hamsini na tano, na sauti bado ninayo. Nyie mnaobaki pale ofisini mmeniomba niwaachie "uzoefu" kwenye karatasi. Mimi uzoefu sijui kuuandika. Najua kusimulia na najua kugombana, na hayo mawili nimeyafanya maisha yangu yote ya kazi mbele ya programu zilizoandikwa na watu wengine. Vyeo naviruka. Mshahara naurukia mbali kabisa, msije mkanicheka. Nitawaandikia mwaka wangu wa kwanza tu. Namna ya kuingia kwenye programu ya mtu, ukatengeneza, ukatoka na mwenyewe bado anaijua kuwa ni yake, nilijifunza mwaka ule. Tena nilijifunza kwa kuharibu.

Mimi ni mtoto wa Itigi, kambi ya reli. Pale kambini jirani wa kulia Mgogo, wa kushoto Muha, wa nyuma Mnyaturu, na wote mnaongea Kiswahili mchana kutwa. Mila za kila mtu zinabaki ndani kwake pamoja na sufuria zake. Ndiyo maana nilikua mkubwa na mambo mengi ya watu siyajui, na nilidhani kutoyajua ni ujanja.

Soko huria lilipoingia, redio zikaja za kila aina, nzima na mbovu, mbovu zikiwa nyingi. Nikawa fundi redio kwa kufungua na kufunga. Halafu zikaja kompyuta za mitumba. Moja ilifika Itigi na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kinafundisha lugha ya BASIC. Nilikisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, miezi na miezi. Darasa la kompyuta sijakaa hata siku moja. Mtu akiniuliza chuo nilichosoma namwambia, "Kitabu kisicho na jalada," na akicheka tunagombana.

Nikasikia hospitali moja ya misheni Singida mjini imeletewa kompyuta zilizotumika huko Ulaya na printa yao inakwama. Nikapanda basi, nikaenda. Printa ilikuwa na kipande cha karatasi kimejikunja ndani, kazi ya dakika tano. Lakini nikawasha na kompyuta, nikaona programu yao inayopanga kliniki ya mkoba, yaani gari la chanjo linalozunguka vijijini. Nikaanza kuisoma, na mdomo wangu mnaujua.

"Hii programu," nikasema, "ni shamba la vitunguu lililoingiliwa na mbuzi."

Nyuma yangu mama mmoja wa makamo, miwani kwenye pua, kitenge kimefungwa vizuri juu ya gauni, akasema, "Mbuzi ni mimi. Kaa chini nikuonyeshe nilipokanyaga."

Huyo ndiye Mama Zuhura. Alianza kama mpiga chapa wa masjala. Daktari mmoja mgeni, kabla hajarudi kwao, alimwonyesha BASIC kwa wiki mbili, basi. Iliyobaki aliitafuta mwenyewe. Programu ile aliiandika peke yake, na ilifanya kazi. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimechelewa, akaitikia marahaba kama vile sijachelewa. Nikabaki pale kumsaidia, na tangu siku hiyo mtu akimsema vibaya, alikuwa amenisema mimi.

Sasa vifaa. Vijana mnapenda kuniuliza tulitumia nini. Tulitumia rula ya mbao na penseli nyekundu. Programu yote tunaichapa kwenye karatasi ndefu zile zenye matundu pembeni, tunaitandika kwenye meza ya baraza, halafu mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anafuata na rula mstari kwa mstari. Kwa Kiswahili. Pale mashine imeandikiwa IF, Mama Zuhura anasoma "kama". Imeandikiwa GOTO na namba ya mstari wa kwenda, anasoma "nenda". Usipoweza kuusoma mstari ukaeleweka na mtu aliyekaa mbele yako, weka alama nyekundu. Mimi niliona ni mchezo wa chekechea. Nikamwambia, "Mama, si tusome kimoyomoyo tu, twende haraka?"

"Kimoyomoyo ndiko makosa yanakolala," akasema. "Soma."

Na kweli, kwa kusoma tu tulikamata mengi. Alikuwa na vitu vitatu vinaitwa K, K1 na KK, na hata yeye alikuwa amesahau kipi ni kijiji na kipi ni kadi. Tukavipa majina ya kueleweka. Kulikuwa na namba ya vijiji imeandikwa sehemu kumi na moja, ishirini na saba, ishirini na saba, kila mahali. Siku kilipoongezwa kijiji kimoja cha upande wa Nduguti, alibadilisha sehemu tisa akasahau mbili, na kijiji kile kikawa kwenye orodha ya gari ila hakimo kwenye orodha ya dawa. Tukaitoa ile namba kote, tukaiandika mara moja tu, juu kabisa. Mambo haya nyie leo mnayasoma vitabuni mnayapa majina marefu. Sisi tulisema tu, "Hapa mtu atajikwaa."

Mstari wa aina moja tuliupita kila mara bila kuuwekea alama nyekundu. Na huo ndio ulioleta balaa.

Gari lilikuwa na ratiba. Jumatatu linazunguka mitaa ya karibu, Jumanne Sepuka, Jumatano linakaa gereji, Alhamisi Misigiri, Ijumaa upande wa Nduguti. Kadi ya kila mtoto ina siku yake. Unaandika siku kwenye kompyuta, programu inakupangia orodha, na orodha ndiyo inayosema chanjo ngapi zipakiwe kwenye boksi la barafu. Hakuna nyingi za kuchezea. Orodha ikisema kumi, zinapakiwa kumi na akiba kidogo.

Mama Zuhura akapata msiba kwao, akaenda wiki mbili. Kadi zikaandikwa na Nesi Mwajuma, ambaye ndiye anayekwenda na gari. Mwajuma ni mtu wa utani mwingi na mikono myepesi. Alhamisi gari likafika Misigiri. Kina mama wamekuja na watoto migongoni, wengine wameanza kutembea alfajiri, na surua ilikuwa inazunguka vijiji vile. Mwajuma anafungua orodha, anakuta majina machache mno. Boksi likaisha na foleni hata nusu haijafika. Mama mmoja akamwambia mbele ya wote, "Mnatuita kwa majina, halafu majina yenyewe mnayaacha nyumbani?" Mwajuma, pamoja na utani wake wote, alirudi kwenye gari analia.

Wiki ileile, Jumanne, boksi la Sepuka lilikuwa limejaa kupita kiasi na hakuna aliyejua kwa nini.

Katibu wa hospitali alikuwa mzee mpole mwenye diari ya mfukoni, lakini upole una mwisho. Akatuita mimi na Mwajuma, na Mama Zuhura aliyekuwa amerudi siku ileile. Pembeni alikaa kijana mwenye tai kutoka kampuni ya Dar es Salaam, ameleta programu yao kwenye diski. Enzi za soko huria, kila kiti kilichokuwa wazi kilikaliwa na mtu wa kuuza.

"Mwisho wa mwezi," Katibu akasema. "Kosa lisipoonekana, tunaweka ya hawa. Mama Zuhura atarudi masjala kupiga chapa."

Nilisimama. "Yeye akirudi masjala, mimi narudi Itigi!"

"Petro," Mama Zuhura akasema bila kuniangalia, "kaa. Hakuna aliyekuzuia kurudi Itigi."

Nikakaa. Lakini nilikuwa nawaka. Yule mama aliandika kitu kutoka hewani, kikahudumia watoto wa vijiji vyote vile, na leo anarudishwa kwenye taipureta kwa sababu ya mwenye tai?

Nilichukua kadi zote za Misigiri nikazilinganisha na orodha, moja moja. Siku mbili. Siku ya pili jioni nikaona. Watoto waliopotea wote walikuwa na siku imeandikwa ALHAMIS. Waliobaki walikuwa na ALHAMISI. Mwajuma huwa anatamka Alhamis, kama nusu ya Watanzania, na alivyotamka ndivyo alivyoandika. Hapo nikasema afadhali, kosa ni la herufi moja. Lakini swali likaja: haya, programu haikuielewa Alhamis. Mbona haikulalamika? Mbona iliwachukua watoto wa Misigiri ikawapeleka Sepuka?

Asubuhi tukatandika karatasi barazani, Mwajuma naye amekaa maana jina lake ndilo lililokuwa linasemwa. Mama Zuhura akasoma, mimi nikashika rula.

"Kama siku ni Jumatatu, nenda elfu moja. Kama siku ni Alhamisi, nenda elfu nne. Kama siku ni Ijumaa, nenda elfu tano. Iliyobaki, nenda elfu mbili."

"Simama hapo," nikasema. "Iliyobaki ni ipi?"

"Ya Sepuka."

"Sepuka ni kijiji. Mimi nauliza siku."

"Siku ya Sepuka, Petro."

"Siku ya Sepuka inaitwaje?"

"Inaitwa siku ya Sepuka."

Damu ikapanda. Siku zimebaki chache, mwenye tai anazunguka koridoni, na mwalimu wangu ananizungusha. "Mama, ina jina! Kila siku ina jina! Kwa nini hukuiandika? Mtu akiandika Alhamis inakwenda Sepuka. Akiandika ugali, ugali unakwenda Sepuka! Itaje basi, mara moja tu, itaje!"

Mama Zuhura akashusha macho kwenye karatasi. Mwajuma ndiye aliyepasuka, kicheko kile cha mtu aliyekaa wiki nzima na huzuni.

"We Petro, una wazimu? Unataka amtaje mkwewe?"

"Mkwe gani?"

"Baba mkwe wake anaitwa Jumanne! Mzee Jumanne wa kule Misigiri. Ungeolewa ungejua."

Nimewahi kuona aibu maishani, lakini ile ilikuwa ya daraja lake. Miezi yote ile nilikuwa nasikia "siku ya Sepuka" nikidhani ni mazoea ya hospitali. Mkwe wa kike halitaji jina la baba mkwe, na jina likiwa pia ni siku ya wiki, basi wiki yake ina siku sita na pengo. Na lile pengo aliliandika kwenye programu hivyohivyo kama anavyoishi nalo: yeyote asiye na mahali pengine, aende kule kusikotajwa. Miaka ilipita, waandikaji wote walikuwa yeye mwenyewe na hakukosea herufi, kwa hiyo pengo halikumeza mtu.

Na mimi badala ya kuomba radhi, nikafanya ujanja. Hili ndilo kosa ninalowaandikia, maana ninyi mtalifanya. Nilijiambia, yeye halitaji, sawa, nitaandika mimi. Nitamkinga. Mchana wenzangu wamekwenda kula, nikaingia kwenye programu nikatafuta kila "iliyobaki", sehemu tisa, kila moja nikaweka JUMANNE waziwazi. Siku isiyojulikana nikaifanya isimame na kuandika kwenye kioo: SIKU HII SIIJUI, ANDIKA TENA. Nikajaribu na Alhamis, ikakataa vizuri. Nikajaribu na ugali, ikakataa. Nikachapa, nikatandika, nikamwita Mama Zuhura nikiwa na meno nje.

Akaanza kusoma. Akafika kwenye mstari, akanyamaza. "Soma wewe," akasema. Nikasoma. Akaendelea, akafika wa pili. "Soma wewe." Wa tatu vilevile. Wa nne akavua miwani, akaweka rula mezani taratibu.

"Umetengeneza, Petro. Inafanya kazi. Ila sasa ni yako. Ikiharibika wewe ukiwa Itigi, mimi siwezi kuisoma. Umenitoa humu ndani kabla Katibu hajanitoa."

Akaondoka kwenda nyumbani mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mwajuma akaniambia, "Umempigania mpaka umemmaliza."

Kesho yake nilimsubiri getini. "Shikamoo Mama. Nimekosa. Nilikupigia kelele mbele za watu, halafu nikaingia kwenye kazi yako bila hodi."

"Marahaba. La kelele nimeshasamehe, ndivyo ulivyoumbwa. La hodi nitaliangalia." Akatembea hatua mbili tatu, akaniuliza, "Mwanangu wa mwisho umemwona?"

"Yule anayependa mpira?"

"Amepewa jina la babu yake, mzaa baba. Jina lilelile. Sasa ugali ukiiva, unadhani namwita vipi aje kula?"

Nilisimama katikati ya njia. "Unamwita Babu."

"Namwita Babu, anakuja mbio. Na nyumba nzima inajua ni nani. Jina lenyewe liko kwenye cheti cha kuzaliwa, mara moja, aliliandika baba yake. Inatosha."

Tulikimbia mpaka kwenye mashine, wallahi. Mama wa makamo na kitenge chake. Juu kabisa ya programu, mstari wa ishirini, niliandika mimi kwa mkono wangu: BABU ni JUMANNE. Mara moja. Chini yake kote, sehemu zote tisa, nikafuta ile kelele yangu nikaweka BABU. Halafu tukasema, kama jina linaweza kukaa mahali pamoja, basi na siku nyingine zikae hapohapo na makosa yake ya kutamka. Alhamis, Alhamisi na Arhamisi, zote ni siku moja. Ijuma na Ijumaa, siku moja. Mwajuma ndiye aliyetupa orodha ya makosa, maana alikuwa nayo mengi. Kila siku tukaiandikia na njia yake pembeni, palepale juu, na mistari ya chini na kadi zote zikawa zinauliza hapo, ili siku ya kijiji ikihama ibadilishwe hapo tu na watoto wahame nayo. Tulipotandika karatasi Mama Zuhura alisoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakusimama. "Kama siku ni Babu, nenda elfu mbili." Alihamisi... samahani, mkono umezoea makosa ya Mwajuma. Alhamisi iliyofuata gari lilikwenda Misigiri na boksi lililojaa sawasawa. Walioachwa wiki ile wakaitwa kwa majina, na yule mama wa maneno makali alipochanjiwa mwanawe akamwambia Mwajuma, "Leo mmekuja nayo." Hiyo ndiyo asante ya Kinyiramba, msitegemee zaidi.

Mwisho wa mwezi Katibu akatuita tena. Mwenye tai yupo. Nikaeleza kosa, nikaeleza tulivyotengeneza, nikaongea sana, kama kawaida. Katibu akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Kosa si tatizo langu. Makosa tunayo wote. Ninachoogopa ni kitu kinachoshikwa na mtu mmoja. Mama Zuhura alipata msiba wiki mbili tu, tukaanguka. Hapa kuna jambo: mnada wa Sepuka sasa unagongana na kliniki, kina mama hawaji. Nataka Sepuka ihamie Jumatano, na gereji ije Jumanne. Kwenu mnafanyaje?" Akamgeukia mwenye tai.

"Mnatuandikia barua tu, mzee. Fundi wetu Dar anabadilisha, tunawatumia diski."

"Na ninyi?"

Nikafungua mdomo. Mama Zuhura akaniwahi. "Muulize Mwajuma."

"Mimi?" Mwajuma akaruka. "Mimi ni nesi! Kompyuta naandika kadi tu, tena kwa makosa!"

"Ndiyo maana," Mama Zuhura akasema, akamsukumia karatasi na rula. "Soma kwa sauti."

Akishindwa huyu, basi tena, taipureta. Mwajuma akaweka rula mstari wa kwanza. Akasoma polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Jumatatu, mitaa ya karibu. Akashuka. Akasimama, akacheka.

"Ah, kumbe yuko hapa. Babu, Sepuka. Na Babu mwenyewe ni Jumanne, imeandikwa hapo juu. Sasa Katibu, si namtoa huyu Babu Sepuka, naweka Jumatano? Na pale penye gereji namweka Babu." Akainua macho. "Babu anakwenda gereji. Amezeeka."

"Sehemu ngapi za kubadilisha?" Katibu akauliza.

"Mbili. Hii na hii."

Tukawasha mashine. Akabadilisha mwenyewe, kidole kimoja kimoja, sehemu mbili. Printa ikalia, orodha ya Sepuka ikatoka na majina yote, imeandikwa Jumatano juu yake. Katibu akaishika, akaipitisha macho mpaka chini, akampa mwenye tai mkono.

"Ahsante kwa kuja, kijana. Safari njema." Akatoa diari yake mfukoni. "Programu inabaki, na wenyewe wanabaki nayo. Haya Mama Zuhura, gari la kwanza la Sepuka kwa ratiba mpya linaondoka lini?"

Mama Zuhura akavaa miwani, akajiweka sawa kitini.

"Siku inayomfuata Babu."

Katibu akabaki na kalamu hewani. Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza, akafika, akaandika: Jumatano. Jumatano Mama Zuhura angeweza kuitaja vizuri tu, haina mkwe. Lakini siku ya saba ya wiki yake, huyo Babu, alikuwa ameipata juzi tu, na alitaka kuitumia mbele za watu.